Uma, viatu vya misumari au mrija: kipi cha kutobolea nyasi za nyumbani?

Nyasi zetu zilipoanza kuwa na rangi ya mkeka mkuukuu, nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: nikaongeza maji, kisha nikaongeza mbolea. Maji yakawa yanatuama juu kama yamemwagwa sakafuni, halafu yanatafuta njia ya kwenda mtaroni, na mbolea inaondoka nayo. Mzee aliyekuwa akija kutusaidia bustanini kila Jumamosi aliomba bisibisi, akaikandamiza ardhini kwa mkono, ikagoma kabla haijazama hata urefu wa kucha.

"Mama, hizi nyasi haziugui," akaniambia. "Zimekosa pumzi."

Tunaishi upande wa Kiambu, kwenye udongo mwekundu ambao mkulima yeyote angeushukuru, na ndiyo maana maneno yake yaliniduwaza. Udongo huu kwa asili yake ni wa kina kirefu na hupitisha maji vizuri. Ukiuvunja mkononi unaachana vipande vidogo vyenye kingo za kung'aa. Haukuzaliwa mgumu. Sisi ndio tuliouua. Malori ya mawe yaliegeshwa palepale muda wote wa ujenzi, zege ilikorogwa juu yake, na mwishowe mkandarasi akamwaga udongo mchache, akatandika nyasi juu, akatukabidhi funguo. Tulipokea zulia lililotandikwa sakafuni tukadhani ni bustani.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa au kusimuliwa, kwa misimu mitatu ya mvua, nikigawa uwanja wetu vipande kwa kamba ya katani ili kila njia ipate kipande chake. Nayaandika haya kwa mtu anayesimama leo pale nilipokuwa nimesimama, akiwa na pesa kidogo mfukoni na asijue aziweke wapi.

Bisibisi kwanza, kifaa baadaye

Mizizi hupumua. Huvuta oksijeni iliyo kwenye udongo na kutoa hewa ya kaboni, na kama njia ya kubadilishana hewa hiyo imeziba, mizizi hubaki juujuu ikiogopa kushuka. Udongo wenye afya ni karibu nusu tupu: nusu ya ujazo wake ni vinyweleo, vikubwa kwa vidogo, vinavyogawana hewa na maji. Ukikanyagwa kila siku, vinavyokufa kwanza ni vile vikubwa, ambavyo ndivyo humeza mvua na kupitisha hewa. Vidogo hubaki, na hivyo hung'ang'ania maji. Ndiyo sababu uwanja uleule huwa tope mwezi wa Aprili na tofali mwezi wa Februari.

Kwa hiyo siku moja baada ya mvua nzuri, au baada ya kumwagilia vya kutosha, chukua bisibisi ndefu uisukume kwa nguvu ya mkono tu. Ikizama sentimita kumi au zaidi bila ugomvi, udongo wako unapumua. Weka pesa zako mahali pengine. Ikigoma kwenye sentimita tatu au nne, una kazi. Jaribu sehemu nyingi, maana mara nyingi tatizo si uwanja mzima. Kwetu, chini ya mparachichi bisibisi ilizama mpaka mpini, lakini kwenye njia ya kuelekea kamba ya nguo haikuingia kabisa.

Kipimo cha pili ni kopo la maziwa ya unga lililokatwa pande zote mbili. Lididimize ardhini sentimita tano, lijaze maji, uangalie saa. Fanya hivyo mahali pasipokanyagwa na mahali panapokanyagwa. Tofauti ya muda kati ya makopo hayo mawili itakueleza zaidi ya muuzaji yeyote.

Tatu, kata kipande kidogo cha nyasi kwa kisu, kama unavyokata keki, ukitazame kwa ubavu. Kati ya majani mabichi na udongo kuna tabaka la mabua na vijizizi vilivyokufa. Likiwa jembamba ni blanketi jema. Likizidi sentimita moja hivi, limekuwa paa: mvua ndogo huishia humo na haifiki ardhini. Nyasi za kikuyu, ambazo ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na zilipata jina lao kwa Wakikuyu kabla ya kusafirishwa mpaka Australia na Kalifornia, hujenga paa hilo haraka kuliko nyasi nyingi ninazozijua. Ukoka nao haujambo kwa tabia hiyo. Jambo la kufariji ni kwamba nyasi hizi mbili hutambaa kwa mashina ya juu na ya chini ya ardhi, kwa hiyo ukizitoboa zinaziba jeraha ndani ya wiki chache za mvua.

Uma na mrija

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uma ninaousema ni ule wa bustani, wenye mpini mrefu na meno manne yaliyonyooka. Usiuchanganye na jembe uma. Jembe uma hupigwa na kufukua. Ukilipeleka kwenye nyasi utakuwa unalima. Uma unausimamisha wima, unaukanyaga mpaka uzame sentimita kumi, unauvuta mpini nyuma kidogo mpaka uone nyasi zimeinuka kama mtu anayevuta pumzi, halafu unauchomoa. Ule mvuto wa nyuma ndio siri yote. Bila huo umechoma matundu tu. Ukiufanya, udongo unaatuka chini kwa chini na nyufa zinakimbia kutoka tundu hadi tundu.

Mrija ni kitu kingine kabisa. Ni bomba fupi la chuma, wazi chini na lenye mdomo pembeni kwa juu, limechomelewa kwenye fremu yenye kishikio na mahali pa kukanyagia. Unapoukanyaga hausukumi udongo pembeni. Unaukata na kuung'oa. Kila unapokanyaga tena, kipande kipya kinakisukuma cha zamani kitokee juu, na unabaki na vipande vya udongo vya urefu wa kidole vimelala kwenye nyasi. Watu wengi huona ni uchafu na kutaka kuvizoa. Viache vikauke siku mbili tatu, kisha vivunje kwa mgongo wa reki. Udongo huo hurudi kulisha lile paa la mabua, na vijidudu vilivyomo huanza kuliozesha.

Tofauti kubwa kati ya viwili hivi ni hii: jino la uma halitoi kitu ardhini. Udongo uliokuwa pale ulipopita jino umesukumwa pembeni, na kuta za tundu zimebanana kuliko zilivyokuwa. Kwenye udongo wa tifutifu si neno, kwa sababu nyufa hufidia. Kwenye udongo wa mfinyanzi wenye maji, jino hulainisha ukuta wa tundu kama mfinyanzi anavyolainisha chungu, na ukikauka umepata bomba lisilopitisha kitu. Mrija unatoa. Tundu linabaki wazi kweli, na udongo wa pembeni unapata nafasi ya kutanuka polepole kuliingia.

Lakini usidhani matundu machache yanatosha. Chukua uwanja wa mita kumi kwa tano. Ukitoboa kila baada ya sentimita kumi, unahitaji matundu 100 kwa kila mita ya mraba, yaani 5,000 kwa uwanja mzima. Mrija wa upana wa sentimita moja na nusu, kwa nafasi hiyo, unakuwa umegusa chini ya asilimia 2 ya ardhi yako. Ukipunguza nafasi iwe sentimita tano, unafika asilimia 7, lakini matundu yamekuwa 20,000. Ndiyo maana mtu anayepita mara moja, akaona kesho yake hakuna kilichobadilika, hukata tamaa. Toboa kwa karibu pale panapokanyagwa, kwa mbali kwingineko, na urudie msimu ujao.

Kwa kazi ya mkono, uma wa meno manne unahitaji mikanyago 1,250 kwa matundu yale 5,000. Mrija wenye mabomba mawili unahitaji 2,500. Ukikanyaga mara kumi kwa dakika bila kusimama, uma ni saa mbili na zaidi, na mrija ni saa nne. Mimi huzigawa kwa asubuhi kadhaa. Mgongo wangu unaupenda uma, ila nyasi zangu zimeupenda mrija: kwenye ile njia ya kamba ya nguo, kipande cha mrija ndicho kilichorudi kijani kwanza, na ndicho bisibisi ilichozama bila kulazimishwa mwishoni mwa msimu wa pili. Kipande cha uma kilifuata kwa mbali kidogo. Kama una uma tayari nyumbani, usione haya kuanza nao. Kama unanunua kitu kimoja tu kwa ajili ya udongo mzito, nunua mrija.

Au uuchongeshe. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi, au fundi yeyote wa kuchomelea karibu nawe, anaweza kuutengeneza kwa bomba la nusu inchi. Mweleze mambo mawili. Mdomo wa chini ukatwe na kunolewa kwa nje, ili ndani pasibanane. Na uwazi wa pembeni uwe mkubwa, maana ukiwa mdogo udongo utakwama kila hatua na utakuwa unautoa kwa msumari mpaka uukasirikie. Changu cha kwanza kilikuwa na kosa hilo. Kabla ya kuanza kazi, chovya mabomba kwenye ndoo ya maji. Hivyo udongo haunati sana.

Viatu vya misumari

Sivipendekezi kwa mtu yeyote mwenye udongo mgumu. Ni nyayo za plastiki zenye misumari mirefu chini, unazifunga juu ya viatu vyako na kutembea. Picha zake zinavutia sana, kwa sababu zinaahidi kwamba utafanya kazi huku unatembea. Msumari ni mwembamba, hautoi udongo, na hauwezi kuvutwa nyuma kuatua kitu, na uzito wote wa mwili wako unashindilia papo hapo pembeni ya tundu. Ardhi ikiwa kavu misumari haiingii. Ikiwa mbichi inanasa, unauvuta mguu na kiatu kinabaki. Mimi niliteguka kifundo cha mguu. Pale ambapo misumari inaingia kirahisi, udongo haukuwa na shida tangu mwanzo.

Dawa za chupa

Kuna maji yanayouzwa kwa jina la kulegeza udongo, unayachanganya kwenye bomba la kupulizia na kunyunyiza. Mengi ni aina ya sabuni inayopunguza mvutano wa maji ili yapenye kwa urahisi. Yana mahali pake: udongo au lile paa la mabua likikauka kupita kiasi huanza kuyakataa maji, na dawa ya namna hii husaidia kuyaingiza. Lakini haijengi kinyweleo kisichokuwepo. Kipande changu cha dawa kilikunywa maji vizuri zaidi kwa muda, kisha kikarudi kilivyokuwa. Na tafadhali usiige mapishi ya sabuni ya vyombo yanayosambazwa kwenye simu. Sabuni hiyo huondoa nta inayolinda majani, na nyungunyungu hawaihitaji.

Jasi ni habari tofauti, nayo inastahili kuelezwa sawasawa kwa sababu watu wengi huimwaga bila sababu. Jasi ni kalsiamu na salfa. Hufanya kazi pale udongo ulipojaa sodiamu, kwa kuwa kalsiamu huchukua nafasi ya sodiamu kwenye chembe za mfinyanzi, na chembe zilizokuwa zimetawanyika na kuziba kila tundu hushikana tena kwa makundi. Udongo uliokanyagwa tu haubadiliki kwa jasi. Hata hivyo, maji ya visima virefu vya Nairobi na viunga vyake mara nyingi huwa na sodiamu nyingi, na anayemwagilia kwa maji hayo mwaka baada ya mwaka anaweza kuona ukoko mgumu juu ya ardhi ambao uma na mrija haviumalizi. Ukishuku hilo, pima udongo kabla ya kununua gunia. Maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, iliyoko Kabete hupokea sampuli za wananchi. Kwa walio Tanzania, kituo cha mambo ya udongo ni Mlingano kule Tanga, cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo.

Mashine

Mashine ya injini yenye ngoma ya mirija inashinda vyote kwa kasi. Ni ya uwanja wa shule, wa kanisa, wa hoteli, au wa mtaa mzima ulioamua kuchangishana. Kwa kiwanja cha nyumba moja ni taabu: baadhi huzidi kilo 100, hazipiti kwenye mageti membamba, na kwenye kona ndogo unaishia kumalizia kwa mkono. Ukiikodisha, sisitiza iwe ya mirija na si ya miiba. Nimeona watu wakilipia ngoma ya miiba wakidhani ni ileile.

Na kabla ya mashine au mrija kugusa ardhi, tafuta mabomba yako ya maji yamepita wapi, na waya za taa za bustani, na mfuniko wa shimo la maji taka. Katika baadhi ya nyumba bomba la plastiki limezikwa kwa kina cha kiganja tu. Chomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu.

Udongo wako si wangu

Kwenye udongo mwekundu kama wetu, ugumu kwa kawaida uko sentimita chache za juu, kwa hiyo mrija wa sentimita nane hadi kumi unatosha kuufikia udongo mzuri ulio chini. Ukishakufikia huko, mizizi ya kikuyu hujimalizia kazi.

Walio kwenye udongo mweusi wa Syokimau, Kitengela na Athi River wana ardhi yenye tabia yake. Hufura ikinywa na kusinyaa ikikauka, mpaka nyufa zinamezea kidole. Kwa maana hiyo hujitoboa yenyewe kila kiangazi. Ukiifuata na uma wakati imelowa, unaharibu. Ukiifuata ikiwa kavu, unavunja mpini. Siku zake za kufanyiwa kazi ni chache, katikati ya hali hizo mbili: bonge la udongo likibanwa mkononi linashikana, na likiguswa kwa kidole linavunjika badala ya kubonyea kama unga wa chapati. Tumia mrija, na ujaze matundu kwa mboji iliyochekechwa ili yasizibe mvua ikirudi. Msichanganye mchanga mchache kwenye mfinyanzi huo mkidhani mnaulainisha. Mchanga kidogo na mfinyanzi mwingi hushikana kuwa kitu cha kujengea.

Pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, mwenye nyasi juu ya mchanga mtupu kwa kawaida hana haja ya kifaa chochote kati ya hivi. Mchanga hewa unayo. Unachokosa ni cha kuzuia maji. Pesa za mrija zitumike kwa mboji. Ila pale magari yanapoegeshwa juu ya nyasi, au pale udongo mwekundu uliletwa kwa lori na kumwagwa juu ya mchanga, toboa pale tu.

Wafanyakazi wasiolipwa

Kipande changu cha mwisho hakikutobolewa kabisa. Nilikitandazia mboji nyembamba, nusu sentimita, mwanzoni mwa kila msimu wa mvua. Kwa uwanja wa mita 50 za mraba hiyo ni robo mita ya ujazo, karibu toroli nne. Kwa msimu wa kwanza sikuona kitu. Msimu wa tatu nilianza kukuta vichuguu vidogo vya nyungunyungu kila asubuhi, na bisibisi ikaanza kuingia. Nyungunyungu huvuta mboji chini na kuacha njia nyuma yao, na njia hizo hazina ukuta uliobanwa kwa chuma. Ni polepole kuliko mrija, na kwenye udongo ulioshindiliwa na lori hawaingii peke yao. Wanahitaji kufunguliwa mlango. Kwa hiyo leo nafanya vyote: mrija kwanza, mboji papo hapo kabla matundu hayajafunga, kisha nawaachia. Dawa za wadudu za kumwaga uwanja mzima niliacha, kwa kuwa baadhi huwaua nyungunyungu pamoja na waliokusudiwa.

Wakati ni pale nyasi zinapokua kwa nguvu. Kwetu mvua ndefu huanza Machi na zile fupi Oktoba. Subiri wiki moja au mbili baada ya kuanza, ardhi ilowe bila kuwa tope, ndipo uingie. Kutoboa Januari kwenye jua kali bila maji ni kuianika mizizi. Julai nyasi za kikuyu zimepunguza mwendo kwa baridi na jeraha litakaa wazi. Kama uwanja wako hukanyagwa na watoto kila jioni, fanya mara mbili kwa mwaka. Vinginevyo mara moja, na ukiona bisibisi inazama, ruka mwaka.

Ile njia ya kamba ya nguo niliitoboa misimu mitatu, na kila mara baada ya muda ilirudi kuwa ngumu, kwa sababu tuliendelea kupita hapohapo na beseni la nguo mbichi kiunoni. Mwezi wa Novemba yule mzee alileta mawe kumi na moja bapa, akayazika kwa hatua ya mwendo wangu, usawa na ardhi ili mashine ya kukatia ipite juu. Tunakanyaga mawe sasa, na nyasi zimefunga nafasi zote katikati yake.